Ushauri kwa Anayekwenda Nîmes: Hekalu Lile Litazame Ukiwa Nje

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe kutoka kwa msomaji mmoja anayeishi Ulaya, akinilaumu kwamba nimempotezea siku na nauli. Alikuwa amesoma maandishi yangu ya zamani nilimoisifu Maison Carrée, hekalu la Kirumi lililosimama katikati ya mji wa Nîmes, kusini mwa Ufaransa, akafunga safari, akakata tiketi ya kuingia, na baada ya dakika ishirini akawa ametoka. "Mwalimu, mle ndani hamna kitu," aliniandikia. "Ni chumba kimoja chenye viti na sinema. Afadhali ningekwenda baharini."

Sitaficha kwamba maneno hayo yaliniuma. Yaliniuma kwa sababu mimi si mtu wa kusifu mahali nisipopajua, na yaliniuma zaidi kwa sababu nilipotulia nilikumbuka kwamba hata mimi, mara ya kwanza, nilifanya kosa lile lile, nikatoka na maneno yanayokaribia kufanana na yake. Tofauti yetu ni kwamba mimi nilirudi.

Wakati huo nilikuwa Montpellier kwa masomo ya miezi michache, na kutoka pale hadi Nîmes ni mwendo wa kilomita 50 hivi, nusu saa kwa treni. Mwenzangu wa masomo, kijana wa Bujumbura aliyekijua Kifaransa kuliko mimi ninavyokijua Kiswahili, alikubali kufuatana nami siku ya Jumamosi moja ya mwezi Julai. Mimi ndiye niliyenunua tiketi, na kwa kujiona mjanja nilichagua treni ya kasi inayoshukia kituo kiitwacho Nîmes Pont-du-Gard, nikidhani kwamba kwa nauli moja nimepata mji pamoja na lile daraja maarufu la maji walilojenga Warumi. Tuliposhuka tukajikuta katikati ya mashamba. Kituo kile kipo nje ya mji, daraja lenyewe liko mbali kutoka hapo, na tulilazimika kungoja treni nyingine ya kuturudisha mjini huku jua la adhuhuri likituchoma. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalomshauri msafiri ni kusoma jina la kituo hadi neno la mwisho, na kushukia kile cha katikati ya mji, ambacho kutoka mlangoni pake unatembea kwa miguu hadi kwenye uwanja wa michezo wa Kirumi, kisha unafuata barabara ya Victor Hugo, na ndani ya dakika chache hekalu linakutokea mbele ya macho.

Tulifika tumechoka, tuna kiu, na hasira zetu zikaishia kwenye tiketi. Hatukuzunguka wala hatukuinua macho. Tulipanda ngazi mbiombio, tukaingia gizani tukiukimbilia ubaridi wa mle ndani, tukatazama filamu, tukatoka. Mwenzangu akasimama chini ya nguzo, akalipima jengo kwa jicho la mtu anayenunua ng'ombe, akasema, "Kaka, umenitoa Montpellier kuja kuona nyumba moja ya kupigia picha za harusi?" Nilicheka naye, lakini kicheko changu hakikutoka moyoni, kwa maana mimi ndiye niliyekuwa nimelisifu hekalu hilo juma zima kwa habari za kusoma tu.

Nilirudi peke yangu mwezi Oktoba, asubuhi, nikiwa nimesoma vizuri zaidi, na jambo lililonibadilisha ni dogo sana: niligundua kwamba hekalu la Kirumi halikujengwa ili watu waingie. Sisi tuliozoea misikiti na makanisa tunadhani nyumba ya ibada ni mahali pa kukusanyika waumini, na kwa hiyo tukiuona mlango tunaukimbilia. Kwa Warumi chumba cha ndani kilikuwa makao ya sanamu ya yule anayeabudiwa. Madhabahu yalikuwa nje, sadaka zilitolewa nje, na umati ulisimama nje, uwanjani, ukitazama mbele ya jengo. Uzuri wote, gharama zote na ujumbe wote vikawekwa upande ule ambao watu wangeuona. Anayelipa kuingia ndani na kupita uso wa jengo bila kuutazama amekuwa kama mgeni aliyekaribishwa karamuni akaenda kukaa stoo.

Basi siku hiyo nilikaa nje kwa saa tatu. Upande wa pili wa barabara kuna jengo la kioo na chuma, Carré d'Art, lililosanifiwa na Mwingereza Norman Foster na kufunguliwa mwaka 1993, nalo lina nguzo nyembamba mbele kana kwamba linamwamkia mzee wake. Ukiketi hapo una hekalu lote mbele yako. Nilianza kwa kuhesabu nguzo, na ninakushauri nawe uhesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayolazimisha jicho kufanya kazi. Nguzo ni 30. Kumi kati yake zimesimama huru na kuifanya baraza ya mbele, sita zikiwa usoni. Hizo nyingine 20, ambazo ukiwa mbali unaapa kwamba nazo zimesimama huru, ukizikaribia unaona ni nusu nguzo zilizogandamana na ukuta wa chumba. Wagiriki wangeacha njia ya kuzunguka kati ya nguzo na ukuta. Mafundi wa hapa waliusogeza ukuta nje hadi ukakutana na nguzo, chumba kikapata nafasi, na sura ya fahari haikupungua. Niliuweka mkono wangu pale ambapo duara la nguzo linazama ukutani, nikafuata mfereji mmoja wa nakshi ya nguzo kwa kidole, nikacheka peke yangu kwa jinsi nilivyodanganywa na watu waliokufa miaka 2,000 iliyopita.

Kisha nikaziendea ngazi. Mwandishi wa Kirumi wa mambo ya ujenzi, Vitruvius, alielekeza kwamba idadi ya vidato vya hekalu iwe witiri daima, ili anayeanza kupanda kwa mguu wa kulia afike juu kwa mguu huo huo wa kulia. Hapa vidato ni 15. Nikashuka hadi chini, nikatanguliza kulia, nikapanda polepole nikihesabu kwa sauti ya chini, na kidato cha kumi na tano kikapokea mguu wangu wa kulia. Bibi mmoja aliyekuwa na mkoba wa sokoni alinitazama kwa mashaka. Mimi niliyefunzwa tangu utotoni kutanguliza kulia ninapoingia nyumba ya watu sikuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo, na nilisikitika kwamba mwezi Julai nilizirukia ngazi hizo hizo mbili mbili kama mtu anayewahi basi.

Lakini kitu ambacho ningependa msomaji wangu aliyekasirika angekiona ni matundu. Juu ya nguzo za mbele, pale palipokuwa na maandishi, leo hakuna hata herufi moja. Kuna vitundu vingi vilivyotawanyika kwenye jiwe, na mtu asiyejua anaweza kudhani ni uchakavu tu. Herufi zilikuwa za shaba, zimefungwa kwa misumari, na ziling'olewa zamani. Kwa karne nyingi watu wa mji wakawa na jengo la fahari wasilojua lilijengwa kwa ajili ya nani. Mwaka 1758 mwanachuoni wa mji huo huo, Jean-François Séguier, alipanda juu, akanakili mahali pa kila tundu, na kutokana na mpangilio wa misumari akazirudisha herufi ambazo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuziona. Usomaji wake ulionyesha kwamba hekalu lilitolewa kwa heshima ya Gaius na Lucius Kaisari, wajukuu wa Augusto, kaisari wa kwanza wa Warumi, aliowafanya wanawe, wakiitwa wakuu wa vijana. Lucius alifariki mwaka 2 BK akiwa Marseille, si mbali na hapo, na Gaius akamfuata mwaka 4 BK. Vijana wawili waliotarajiwa kurithi kwa babu yao dunia nzima iliyojulikana wakaondoka kabla yake, na waliloachiwa hapa Nîmes ni safu mbili za matundu. Chukua darubini ndogo, au kuza picha ya simu yako, uyatazame. Nilikaa nayo zaidi ya nusu saa na sijutii hata dakika moja.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alipofika Nîmes mwaka 1787 alimwandikia rafiki yake wa kike kwamba anakaa saa nyingi akiliangalia jengo hili kama mpenzi anavyomwangalia mpenziwe. Alikuwa tayari ameshalichukua kuwa mfano wa jengo la bunge la Virginia kule Richmond kabla hajaliona kwa macho yake. Mtu huyo alimiliki watumwa huku akiandika juu ya uhuru, nami simchukui kuwa kiongozi wangu wa mambo ya haki. Katika kutazama majengo, hata hivyo, alijua kwamba jengo zuri linadai muda.

Nataka pia niseme jambo lililonichoma, maana nisipolisema nitakuwa nimesimulia nusu. Nîmes ina nembo yake: mamba aliyefungwa mnyororo kwenye mtende. Utamwona kwenye vifungo vya shaba vilivyopigiliwa barabarani, unamkanyaga kila hatua. Sura hiyo imetoka kwenye sarafu zilizofuliwa mjini hapo wakati wa Augusto, na mamba yule ni Misri, iliyotekwa baada ya ushindi wa Augusto wa mwaka 31 KK. Mimi nimezaliwa Mwanza, kando ya ziwa ambalo maji yake ndiyo yanayokwenda kuwa Mto Nile, na mamba wa sarafu ile ni wa ukoo mmoja na wale tuliokatazwa kuwakaribia tulipokuwa tukichota maji. Watalii walikuwa wakimpiga picha na kununua sanamu zake za mpira. Nilisimama nikamtazama chini ya kiatu changu, na kwa mara ya kwanza lile neno tunalolisoma kanisani kwa wepesi, ya Kaisari mpeni Kaisari, likawa na uzito wa mnyororo. Sisemi mtu asiende. Ninasema aende akijua fahari ile ililipwa na akina nani, na asione haya kuusimamisha moyo wake hapo kidogo.

Nirudi kwenye ushauri, ingawa najua nimeshautoa. Fika asubuhi, kabla ya makundi ya watalii na kabla ya joto, na kama unaweza kuuepuka Julai, uepuke. Kaa nje kwanza, tena kaa kwa muda mrefu kuliko unavyodhani unatosha. Zunguka jengo lote. Lina urefu wa mita 26 tu na upana wa mita 13 na ushei, kwa hiyo mzunguko mmoja haukuchoshi, na mzunguko wa pili utakuonyesha usichokiona katika wa kwanza. Ndani uingie mwishoni, ukitaka, kwa ajili ya kuupita ule mlango wenye kimo cha karibu mita saba na kuhisi jinsi ulivyo mdogo. Na ukiwa bado nje, jiulize kwa nini hili limebaki wakati mahekalu mengi ya Kirumi yamekuwa vifusi. Jibu lake halina utukufu: halikuachwa wazi. Limekuwa nyumba ya watu, limekuwa zizi la farasi, limekuwa kanisa la watawa wa Mtakatifu Augustino, limekuwa mahali pa kuhifadhia nyaraka za serikali, na katika karne ya 19 likawa jumba la makumbusho. Kila mmoja aliyelitumia vibaya aliliezeka paa. Sisi kwetu tunalifunga jengo la kale kwa kufuli, tunabandika kibao cha onyo, tunaliachia popo, na baada ya miaka thelathini tunashangaa kwamba limeanguka. Septemba 2023 Maison Carrée iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na nilipoisoma habari hiyo nilimtumia yule mwenzangu wa Bujumbura bila neno lolote la ziada. Alinijibu kwa picha ya bwana harusi.

Yule msomaji nilimwandikia barua ndefu, nikamweleza habari za matundu na vidato vya ngazi, nikamkiri kosa langu la Julai, nikamwomba arudi siku moja ya vuli na asikate tiketi hadi saa mbili ziwe zimepita. Naona ameifungua. Hajanijibu.