Leipzig: Usifike Jumamosi Usiku

Kama unakwenda kusoma Leipzig, Ujerumani, na unataka ushauri wangu wa kwanza, ndio huo. Mimi niliingia Jumamosi usiku, mwezi wa kumi, na begi moja na pakiti ya korosho aliyonifungia mama. Asubuhi nikatoka kutafuta mkate. Maduka yamefungwa, mtaa umenyamaza utadhani kuna msiba. Ujerumani maduka hayafunguliwi Jumapili, ni sheria. Korosho zikawa staftahi, zikawa na chakula cha mchana. Jioni jirani yangu wa bweni akanionea huruma: nenda stesheni kuu, mle ndani kuna duka la chakula linalouza hata leo.

Stesheni yenyewe inafaa kutembelewa hata kama huna safari. Ilikamilika mwaka 1915 na ina kumbi mbili kubwa za kuingilia zilizofanana kama pacha, kwa sababu upande mmoja ulikuwa wa reli za Prussia na wa pili wa Saxony, dola mbili za Kijerumani za enzi hizo. Ukitoka, angalia vizuri umetokea wapi. Mimi nilitokea siko, nikatembea na mifuko yangu mpaka nikaanza kumshuku aliyenielekeza.

Halafu tramu. Sisi tumezoea konda anayeita kituo, anayekusukuma ndani na kukudai nauli. Huku hakuna. Nilisimama mbele ya mlango nikingoja ufunguke, tramu ikaondoka, nami nimesimama vilevile. Kumbe kuna kitufe! Bibi mmoja aliyekuwa kituoni alinionyesha kwa kidole ilipokuja nyingine, bila kusema neno. Hakuna geti wala wa kukagua mlangoni, na hapo ndipo wageni wengi wananaswa: wakaguzi hupanda wamevaa nguo za kawaida, na ukikutwa huna tiketi ni yuro 60. Kabla hujanunua chochote ulizia chuoni, maana mara nyingi tiketi ya wanafunzi imo ndani ya malipo ya muhula.

Chupa za plastiki za maji na soda usitupe. Nyingi umezilipia amana ya senti 25, unarudisha chupa kwenye mashine ya dukani upate pesa yako. Zangu za wiki ya kwanza zilikwenda jalalani zote.

Ila wiki ya pili nilifanya jambo moja la akili: nilitia simu mfukoni nikatembea tu. Katikati ya mji si pakubwa, miguu inatosha. Mvua ikanikuta karibu na kanisa la Nikolaikirche, nikaingia, mimi Mwislamu wa Tanga, kujikinga tu. Nikainua macho. Nguzo nyeupe, na kila nguzo juu imechanua makuti ya kijani, kama shamba la minazi lililoezekwa dari. Nilitazama mpaka shingo ikauma. Baadaye ndipo nikajua kwamba kanisa hilo lilikuwa na maombi ya kila Jumatatu, na kwamba tarehe 9 Oktoba 1989 baada ya maombi hayo watu wapatao 70,000 waliandamana katika mji huu kuipinga serikali ya Ujerumani Mashariki, mwezi mmoja kamili kabla ya ukuta wa Berlin kufunguka.

Nje, kwenye uwanja, imesimamishwa nguzo moja mfano wa zile za ndani, peke yake kwenye baridi. Desemba jua linazama saa kumi jioni, na bado tunakutana pale. Tukiahidiana na wenzangu kutoka Mombasa hatulitaji kanisa. Tunasema, "Saa kumi na moja, mnazini."