Barua kwa binti yangu: Prague kwa euro 120

Mwanangu,

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma, kisha nikamsomea mama yako naye akanishikia nijibu leo leo. Unasema wenzako watatu wa bweni wanakwenda Prague, mji mkuu wa Czech, kutoka Ijumaa hadi Jumapili, na wamekuomba mfuatane. Wewe una euro 120 ulizodunduliza kwenye kibarua chako cha Jumamosi, basi. Unauliza uende, au uwaambie una mtihani Jumatatu ubaki zako hapo Dresden, Ujerumani.

Nenda. Na habari ya mtihani ambao haupo usiwaambie.

Najua kinachokusumbua. Unaona vibaya kwenda kutembea wakati huku nyumbani tunabana matumizi. Ada ya mdogo wako imeshalipwa, na hizo pesa ni jasho lako. Mtu hakai karibu na Prague miaka mitatu akarudi Tanga hajaiona, nauli anayo. Hilo mimi na mama yako tumekubaliana, lifunge.

Ninalotaka ulishike ni hili: taja kiasi chako kabla hamjakata hata tiketi. Waambie, bila kuomba radhi, "Mimi nina euro 120 kwa safari nzima, nauli na malazi humo humo." Safari za wanafunzi haziharibiwi na nauli, kwa sababu nauli kila mtu anaijua. Zinaharibiwa na "tuchangie". Mmoja ataona nyumba ya kupanga pale pale Mji Mkongwe wa Prague, mwingine atataka chakula cha usiku kwenye boti mtoni Vltava, bili itakuja igawanywe sawa kwa wanne, nawe uliyekunywa supu utalipia nyama na bia za watu. Ukinyamaza siku ya kupanga, siku ya kulipa utanyamaza vile vile. Nilipokuwa nasoma hapo Dresden niliona vijana wenzetu kutoka Afrika wakishinda na njaa siku tatu baada ya matembezi, kisa waliona haya kusema "sina". Wenzao wala hawakuwa watu wabaya. Hawakujua tu. Mtu anayekupenda atapanga kwa kiasi chako, na atakayekununia kwa sababu ya boti, afadhali umjue sasa.

Kwa hiyo kubalianeni mapema: malazi na tiketi mnagawana, chakula kila mtu anajilipia.

Sasa tupige hesabu. Nauli ya kwenda na kurudi umeiona euro 36. Kabla ya kulipa, angalia na tovuti ya reli ya Wacheki, České dráhy, kwa sababu treni ni ile ile lakini mara nyingi bei yao ya kukata mapema huwa chini kuliko ya Wajerumani. Kitanda cha hosteli euro 22 kwa usiku, siku mbili 44. Umebakiwa na 40, ambayo ni kama koruna 1,000 kasoro kidogo, koruna ndiyo pesa ya Wacheki. Jamhuri ya Czech imo Umoja wa Ulaya lakini haitumii euro. Maduka mengi ya watalii yatapokea euro yako, ila kwa kiwango wanachojipangia wenyewe, kwa hiyo lipa kwa koruna. Ukitoa pesa kwenye ATM, mashine itakuuliza kama ikukate kwa euro au kwa koruna. Chagua koruna, benki yako ndiyo ifanye mabadilisho. Wabadilisha fedha wa barabarani usiwasogelee kabisa. Ukiingia duka la kubadilisha ukagundua umepunjwa, usiondoke ukinung'unika: tangu 2019 sheria yao inakuruhusu kurudi ndani ya saa tatu na kuvunja biashara, ikiwa kiasi hakizidi thamani ya euro 1,000. Shika risiti.

Chakula ndicho kitakachokulinda au kukumaliza. Siku za kazi, mikahawa ya wenyeji huwa na chakula maalumu cha mchana, wanakiita polední menu, kuanzia kama saa tano hadi saa nane. Unapata sahani ya chakula cha kushiba, mara nyingi na supu, kwa bei ya chini sana kuliko jioni. Jumamosi na Jumapili hakipo. Ndiyo maana nasema pandeni treni ya asubuhi Ijumaa, mfike mle. Jifunze maneno matatu: vepřové ni nguruwe, hovězí ni ng'ombe, kuřecí ni kuku. Usiseme tu "guláš", yaani mchuzi mzito wa nyama, ukadhani ni ng'ombe, uliza. Mkate ukiletwa mezani bila kuagizwa, uliza kama unalipiwa kabla hujaugusa. Siku nyingine nunua mkate, jibini na matunda dukani. Tofauti na huko Ujerumani, Jumapili maduka makubwa ya Prague kwa kawaida yako wazi. Maji ya bomba ni salama, beba chupa yako.

Usafiri wa mjini, tiketi ya saa 24 inaingia metro, tramu na basi. Ile ya karatasi lazima uigonge kwenye kimashine cha manjano unapoanza safari, maana isiyogongwa ni sawa na kukosa. Wakaguzi wengi huvaa nguo za kiraia. Usiku metro ikifungwa, tramu za usiku, namba 91 mpaka 99, zinaendelea hadi alfajiri, na zote zinakutana kituo cha Lazarská. Teksi hamna haja nayo.

Linalonikosesha usingizi ni karatasi zako. Tangu Septemba 2024 Ujerumani inakagua watu kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na polisi wanapanda treni hiyo wakati wa kurudi. Katika ninyi wanne, wewe mweusi ndiwe utakayeulizwa kwanza. Si haki, na si jambo la kukuvunjia safari. Pasipoti na kadi ya ukaazi ziwe mwilini, zisiwe kwenye begi la juu, na kadi ya bima ya afya pia ibebe. Kadi ya ukaazi inatosha kukuingiza Czech bila viza, mradi haijaisha muda. Kama imeisha na umepewa karatasi ya kusubiria, nenda ofisi ya wageni uulize kwanza kama inakuruhusu kutoka nje na kurudi. Hilo fanya kabla ya kulipa nauli.

Ndani ya treni, mkienda, kaa upande wa kushoto. Mto Elbe utakuwa dirishani kwako, na baada ya Pirna utaona majabali ya Bastei yamesimama wima juu ya maji. Usilale.

Mengi ya kuona hayana kiingilio. Daraja la Karlo lilianza kujengwa 1357, nenda saa kumi na mbili asubuhi kabla watu hawajajaa. Viwanja vya ngome ya mfalme unaingia bure, unalipia majengo ya ndani tu. Ngome ya kale ya Vyšehrad pia, juu ya kuta zake unauona mto.

Mahali pamoja nakuomba uende kwa ajili yangu. Nyuma ya ubalozi wa Ujerumani, jumba la Lobkowicz, zunguka mpaka kwenye uzio wa bustani. Mle ndani kuna sanamu ya gari la Trabant, gari la Ujerumani Mashariki, lenye miguu minne badala ya magurudumu. Mwaka 1989 maelfu ya Wajerumani Mashariki walijazana katika bustani hiyo, watoto migongoni, wakitaka kwenda Magharibi. Tarehe 30 Septemba Genscher, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani Magharibi, akawatangazia kuwa wameruhusiwa. Lakini treni zao zilipitishwa Dresden, na usiku wa tarehe 4 Oktoba, treni za kundi la pili zilipopita, watu wa mji walifurika stesheni kuu wakitaka kuzidandia. Sisi wanafunzi wa kigeni tulikatazwa kusogea. Makelele tuliyasikia bwenini mpaka usiku mkubwa, hatuelewi kesho itakuwaje. Mwezi uliofuata ukuta wa Berlin ukafunguliwa. Ni stesheni hiyo hiyo utakayopandia Ijumaa. Wasimulie na wenzako, hasa huyo Mjerumani, huenda wazazi wake walikuwepo.

Ongea nao leo jioni kuhusu pesa, kisha uniandikie walivyojibu. Mama yako anasema uchukue koti zito hata kama jua linawaka.

Baba yako,
Tanga