Wiki ya Tatu ya Kwaresima, Moto Unapoanza Kupoa

Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, yaani siku arobaini za mfungo kabla ya Pasaka, huijaza parokia yetu hapa Eastlands, Nairobi, kuliko Jumapili nyingi za mwaka. Misa ya kwanza huanza kabla jua halijachomoza, na ukichelewa kidogo utaisikiliza ukiwa umesimama nje karibu na pango la Bikira Maria, pamoja na wauguzi waliotoka zamu ya usiku, wanafunzi waliovaa sare na mafundi wanaoelekea Industrial Area wakiwa na vifaa vyao mgongoni. Kila mmoja husogea mbele, hupakwa majivu yaliyotokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, hukumbushwa kwamba yeye ni mavumbi na mavumbini atarudi, kisha hupanda matatu na alama ile ikiwa bado kwenye paji la uso. Siku hiyo hakuna anayehitaji kuhimizwa. Wiki tatu baadaye, Ijumaa jioni, Njia ya Msalaba, ibada ya kutafakari mateso ya Yesu kituo kwa kituo, huanza tukiwa watu wasiozidi thelathini, na wengi wao ni kina mama wazee na watoto watumikiaji.

Kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa waliotoweka hapo katikati. Nilianza Kwaresima kwa bidii, nikaiacha njiani bila kumwambia mtu, kisha nikajitokeza tena Jumapili ya Matawi nikiwa na tawi mkononi na aibu moyoni. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye wiki hii ya tatu anahisi kwamba Kwaresima yake imekwisha kufa, kwa sababu ninajua uzito wa hisia hiyo, na ninajua pia kwamba si ya kweli.

Kosa langu la kwanza lilikuwa wingi wa ahadi. Jumatano ya Majivu nilikuwa naahidi kuacha nyama, kuacha sukari, kusali rozari nzima kila usiku, kusoma Injili zote nne na kuzima simu kuanzia saa tatu usiku. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa mbaya. Lakini mtu anayetoka kazini saa kumi na moja na nusu, akakwama kwenye msongamano wa Jogoo Road, akafika nyumbani saa mbili usiku na kukuta watoto wanasubiri kusaidiwa kazi ya shule, hana nguvu za kuzibeba zote kwa siku arobaini. Nilipovunja ahadi moja, niliziona zote zimevunjika. Niliihesabu Kwaresima kama chungu ambacho kikipata ufa hakifai tena kutiwa maji.

Aliyenitoa katika fikira hiyo ni mama mmoja mzee aliyekuwa wakati huo mwenyekiti wa jumuiya yetu, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Alinikuta dukani siku ya Alhamisi, akaniuliza, "Mwanangu, mbona hatukuoni?" Nikamwambia ukweli, kwamba mwaka huo nilikuwa nimeshindwa na Kwaresima, na kwamba ningejaribu tena mwaka uliofuata. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kwaresima si ya mtu mmoja. Leo tunasali nyumbani kwangu saa moja jioni. Njoo." Hakunihubiria zaidi ya hapo. Nilikwenda kwa sababu ya heshima tu, na tangu jioni hiyo sijawahi kuifunga Kwaresima peke yangu tena.

Mwaka huu wa 2026 jambo hilo limenijia kwa nguvu zaidi, kwa sababu mwezi wa Ramadhani na Kwaresima vilianza karibu siku moja, katikati ya Februari. Katika ploti tunamoishi kuna familia mbili za Kiislamu. Kila jioni nawaona wakikusanyika kufuturu, watoto wakipelekwa kwa jirani na sahani ya tende, na mtu aliyechelewa akisubiriwa. Mfungo wao una saa inayojulikana na una watu wanaokutazamia ufike. Sisi Wakatoliki wa mjini mara nyingi tunafunga kimyakimya, kila mtu na orodha yake, hata mume asijue mkewe amejinyima nini. Bwana alituonya tusifunge ili tuonekane na watu, na onyo hilo husomwa Jumatano ya Majivu yenyewe, katika sura ya sita ya Mathayo. Lakini nadhani tumelielewa vibaya. Hakutukataza kufunga pamoja, alitukataza kujionyesha. Kanisa zima huanza mfungo siku moja na kuumaliza pamoja, na nabii Yoeli, ambaye tunamsoma siku hiyohiyo, anaagiza watu wakusanywe, wazee kwa watoto wachanga.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba wiki hii utafute jumuiya yako. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo si kikundi cha ziada kwa wenye nafasi. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mikutano ya shirikisho lao, AMECEA, iliyofanyika hapahapa Nairobi mwaka wa 1973 na 1976, ndio walioamua kwamba maisha ya Kanisa katika nchi zetu yajengwe juu ya jumuiya hizo. Wakati wa Kwaresima ndipo uamuzi huo unapoonekana kwa macho, kwa kuwa Baraza la Maaskofu Katoliki Kenya, kupitia idara yake ya Haki na Amani, hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima kila mwaka, chenye mada ya kila wiki, picha na kisa cha kujadiliwa. Tunakitazama kisa, tunakipima kwa Neno la Mungu, kisha tunaulizana tutafanya nini. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo ngumu, na ndiyo yenye baraka. Mwaka mmoja kisa kilihusu ardhi na mazingira, na jioni hiyo tukatambua kwamba mtaro ulioziba nyuma ya nyumba zetu tulikuwa tumeulalamikia kwa miezi bila hata mmoja wetu kushika koleo. Jumamosi tuliuzibua. Ilikuwa wiki ya tatu, na kwa mara ya kwanza niliona Kwaresima ikipata nguvu badala ya kuzipoteza.

Ushauri wa pili unatoka katika Injili ya Jumapili ya tatu yenyewe. Mwaka huu ni Mwaka A katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, na somo ni la mwanamke Msamaria kisimani, sura ya nne ya Yohane. Nimelisikia tangu utotoni, lakini kwa muda mrefu nilikuwa nikikimbilia yale mazungumzo marefu na kuruka mwanzo wake. Yohane anasema kwamba Yesu alikuwa amechoka kwa safari, akaketi kisimani, na ilikuwa saa sita mchana. Katikati ya safari yetu ya Kwaresima, Kanisa linatuonyesha Bwana aliyechoka. Tena aliyechoka anaomba maji kwa mwanamke ambaye naye amekuja na mtungi wake kwenye jua kali. Ninapolisikia somo hili nawaona wanawake wa mtaa wetu siku za mgao wa maji, wakipanga mitungi ya manjano foleni tangu alfajiri. Bwana hakungoja mwanamke yule apumzike, ajipange, aweke maisha yake sawa ndipo amsemeshe. Basi na wewe usingoje upate jioni tulivu ndipo usali. Chagua sala moja tu inayoweza kuishi ndani ya uchovu wako. Yangu ni Injili ya siku, ambayo huisoma kwenye matatu kabla sijafungua ujumbe wowote wa simu, kisha huomba juu ya sentensi moja mpaka nifike kituo cha kushukia. Ni sala ya dakika kumi na tano, na imedumu kuliko rozari zote nilizoahidi usiku nikiwa nasinzia.

Kuhusu kufunga, ni vyema kujua Kanisa linadai nini hasa, kwa maana wengi hujitwika mengi kwa kutojua. Sheria inataka kufunga siku mbili, yaani Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa waliofikisha miaka 18 hadi wanapoingia mwaka wao wa 60. Na kufunga maana yake ni mlo mmoja kamili, pamoja na vyakula viwili vidogo ambavyo vikijumlishwa havifikii mlo. Kujinyima nyama siku za Ijumaa huwahusu waliotimiza miaka 14. Jumapili za Kwaresima hazihesabiwi kuwa siku za mfungo. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu ni siku 46, ukitoa Jumapili sita unapata arobaini. Mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, mama mjamzito na mama anayenyonyesha hawapaswi kujiumiza kwa njaa. Nimeshuhudia mzee akianguka wakati wa ibada ya Ijumaa Kuu kwa sababu aliacha chakula na dawa pamoja, na sipendi kuona hilo likirudiwa. Mgonjwa aulize daktari wake na paroko wake, ajinyime kitu kingine.

Zaidi ya hayo yanayodaiwa, mimi hujinyima chakula cha mchana Jumatano na Ijumaa. Kibandani ninakokula mlo huo ni shilingi 150. Jumatano za Kwaresima ni saba na Ijumaa ni saba, kwa hiyo ni shilingi 2,100, ambazo naziweka kwenye bahasha siku ileile ninapofunga, si mwisho wa mwezi. Zamani nilifunga na pesa zikapotelea kwenye matumizi mengine bila kujua zilikokwenda, na hapo ninaamini sikuwa nimefunga, nilikuwa nimebana matumizi tu. Ikiwa wiki mbili za kwanza zimekupita, hesabu siku zilizobaki na uanze na hizo. Bahasha yangu huenda nusu kwenye sadaka ya Kwaresima parokiani na nusu kwa mtu ninayemfahamu kwa jina. Naona nusu hiyo ya pili ni muhimu sana, kwa sababu shilingi elfu moja unapoipeleka kwa mkono wako, utaketi, utapewa chai, utasikia habari za mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo, na kuanzia hapo hutaweza kusali bila kumtaja.

Sijataja kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, hadi sasa kwa sababu ndilo jambo lililonigharimu zaidi. Miaka kadhaa iliyopita nilikosana na mwanajumuiya mwenzangu kuhusu hesabu ya mchango wa matanga. Nilisema mbele ya watu kwamba pesa hazikufika zote kwa wafiwa. Baadaye nilikuja kujua kwamba zilifika, ila risiti iliandikwa kwa jina la ndugu mwingine. Sikuomba radhi. Nilibadilisha saa yangu ya Misa ili tusikutane, na kwa Kwaresima mbili mfululizo nilipokea majivu, nikafunga, nikatoa sadaka, huku nikivuka barabara nikimwona. Nilikuwa nikiahirisha kuungama hadi Juma Kuu, wiki ya mwisho kabla ya Pasaka, ambapo mapadre wa parokia jirani huja kusaidia na foleni huzunguka kanisa; katika foleni kama ile mtu husema dhambi zake harakaharaka na kuficha ile moja.

Kilichonisaidia ni kwenda mapema. Papa Fransisko, ambaye sasa ni marehemu, mwaka wa 2014 alianzisha ibada ya Saa 24 kwa ajili ya Bwana, inayofanyika Ijumaa na Jumamosi kabla ya Jumapili ya nne ya Kwaresima, yaani mwishoni mwa wiki hii hii ya tatu. Ekaristi Takatifu huabudiwa na mapadre huketi kuungamisha. Nilikwenda jioni ya Ijumaa. Hapakuwa na foleni ya kunisukuma. Padre alinisikiliza, akaniuliza kama mtu yule bado anaishi mtaani, nikasema ndiyo. Malipizi aliyonipa yalikuwa sala fupi, lakini aliniomba nisikae siku nyingi kabla sijamwendea mtu yule. Nilimwendea Jumapili alasiri. Alinifungulia mlango, akanyamaza kwa muda, akasema, "Karibu ndani, mama watoto yuko jikoni." Niliomba radhi mbele yake na mbele ya mkewe, na Alhamisi iliyofuata nikaomba radhi mbele ya jumuiya, kwa kuwa nilimvunjia heshima mbele yao. Mwaka huu ibada hiyo inaangukia tarehe 13 na 14 Machi. Ikiwa parokia yako haina, Basilika ya Familia Takatifu katikati ya jiji huwa na watu wengi wanaopitia Misa ya mchana na kuungama, na ni rahisi kwa anayefanya kazi mjini.

Wengine huniuliza kuhusu Njia ya Msalaba, kwamba saa kumi na moja unusu Ijumaa hakuna anayeweza kufika kutoka Westlands au Upper Hill. Ni kweli. Jumuiya yetu iliamua kuifanya upya saa mbili usiku, tukipita kwenye vichochoro vya mtaa, na kila kituo kikasimamiwa mlangoni pa nyumba moja, hasa penye mgonjwa au msiba. Vituo ni kumi na vinne, na hatuvimalizi kabla ya saa tatu. Anayeweza kutoka nje ya mtaa Jumamosi aende Resurrection Garden kule Karen, ambako vituo vimepangwa bustanini na ambako Kadinali Maurice Otunga amelazwa. Nimewapeleka watoto wangu huko, na utulivu wa mahali pale uliwafundisha kunyamaza kuliko maneno yangu.

Ijumaa hii tunaanzia kwa mama mzee yuleyule. Miguu haimruhusu tena kutembea vituo vyote, kwa hiyo kituo cha kwanza kiko mlangoni pake na cha kumi na nne tutarudi kukimalizia hapohapo, naye atakuwa ameketi akitungoja. Nyumba yake ni chumba kimoja na viti ni vichache. Ukija, beba kigoda chako.