Maswali na Majibu: Pa Kula Katika Mji Mdogo Wenye Wapishi Wengi

Wasomaji wametuuliza kuhusu kula nje katika miji midogo inayojua chakula. Maswali tumeyafupisha, majibu tumeyaacha na urefu unaohitajika.

Nimehamia mji mdogo wenye migahawa mingi na kila mtu anasifu wa kwake. Nianzie wapi?

Usiulize "mgahawa gani mzuri?" Uliza "ukitaka samaki unakwenda wapi?" au "supu nzuri ya asubuhi naipata kwa nani?" Mji wa namna hiyo hauna mgahawa mmoja unaoshinda yote. Una jiko linalojua supu, jingine linalojua samaki, jingine linalooka. Ukiuliza kwa jumla utatajiwa penye viti vizuri. Ukitaja chakula utatajiwa mpishi.

Waulize watu watatu wasiojuana, na anza na jina litakalojirudia. Usiwasahau wauza samaki na wauza mboga sokoni, maana wao wanawajua wanaonunua mali safi asubuhi na wanaosubiri bei ishuke jioni.

Ukishapata jina, fika dakika 20 hivi kabla ya msongamano wa mchana. Saa hiyo chakula ndiyo kwanza kinatoka motoni na mpishi bado hajalemewa. Mara ya kwanza agiza vitu viwili: kile unachokiona kwenye meza nyingi, na kitu chepesi kama wali mtupu au mayai. Mchuzi mzito huficha makosa. Wali mtupu hauna pa kujificha: ukiwa na kiini kigumu au ukiwa umeshikana bonge, utajua jiko hilo halina utulivu.

Menyu ndefu ni dalili mbaya?

Mara nyingi, ndiyo. Piga hesabu. Menyu ina vyakula 60, jikoni kuna wapishi wawili, na mchana zinatoka sahani 40. Hata oda zikigawanyika sawasawa, theluthi moja ya vyakula hivyo haitaagizwa siku hiyo. Viungo vyake viko wapi? Kwenye friza, au kwenye sufuria ya mchuzi wa jana.

Kuna menyu ndefu isiyo na tatizo: ile inayojengwa juu ya vitu vichache, mfano aina moja ya unga na michuzi mitatu inayobadilishana. Soma menyu ukitafuta viungo vinavyojirudia. Kisha muulize mhudumu, "Leo kipi kimeisha?" Jibu la kwamba samaki wamekwisha tangu saa nane ni habari njema kuhusu jiko hilo, ingawa wewe umekosa. Pasipoisha kitu mwaka mzima, chakula hakipikwi cha siku.

Napenda bafe lakini mara mbili nimeumwa tumbo. Niangalie nini?

Angalia joto na muda, maana bafe huharibikia hapo. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi na cha baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo bakteria huongezeka haraka, na chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida la chumba zaidi ya saa 2.

Huna kipimajoto, lakini una macho. Funua kifuniko: mvuke unapaswa kukupiga usoni. Tazama chini ya trei kama maji ni ya moto kweli, au moto ulishazimwa na vyombo vinakaa kwa pambo tu. Saladi iwe juu ya barafu, trei ikizama ndani yake. Barafu iliyorundikwa pembeni haipoozi kitu. Kila chakula kiwe na kijiko chake.

Kosa ambalo wateja wengi hawalioni ni kuongezea. Trei kubwa ikipungua, mhudumu anamwaga chakula kipya juu ya cha zamani, na kile cha chini kinabaki humo tangu asubuhi. Jiko makini hutumia trei ndogo, huitoa ikiwa tupu na kuleta nyingine. Ukiona mtu anaongezea juu, ondoka kwenye trei hiyo.

Wali ndio tunaouogopa kuliko nyama, na watu hushangaa. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka, zinaongezeka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiupasha upya. Kutapika huweza kuanza ndani ya nusu saa hadi saa 6. Kwa hiyo wali wa bafe uwe unatoa mvuke, la sivyo uache. Na fika bafe inapofunguliwa, si inapokaribia kufungwa.

Nitajuaje samaki ni mbichi wa leo ikiwa ananijia kashapikwa?

Omba kumwona kabla hajakatwa. Penye samaki mzuri hawakukatalii. Macho yawe angavu na yamejaa, mashavu yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi, na harufu iwe ya bahari au maji safi. Harufu kali inayochoma pua ni ya samaki aliyekaa.

Akishafika mezani, nyama iachie kwa mapande yenye unyevu. Ikiwa tepetepe kama uji, samaki huyo alikaa sana, au aligandishwa na kuyeyushwa vibaya.

Kwa jodari na vibua kuna hatari ya pekee. Wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, bakteria hutengeneza kemikali iitwayo histamini ndani ya nyama, na kupika hakuiondoi. Ulimi ukihisi kuwashwa kama pilipili wakati hakuna pilipili, acha kula hapohapo. Uso huwa mwekundu, kichwa huuma, moyo hudunda, mara nyingi ndani ya saa moja. Wengi hudhani wana mzio wa samaki, kumbe kosa ni la barafu iliyokosekana. Pumzi ikibana, nenda hospitali bila kusubiri.

Kwa nini chipsi za mahali pamoja leo kavu, kesho zimelowa mafuta?

Mpishi ana haraka. Mafuta ya kumalizia chipsi yanatakiwa yawe karibu nyuzi 175 hadi 180. Akijaza viazi karai zima kwa mara moja, joto linashuka, maji ya viazi hayatoki kwa kasi, ganda halikauki, na chipsi zinatoka laini na nzito kwa mafuta. Agiza nje ya saa za msongamano na sema uko tayari kusubiri zikaangwe upya. Mafuta yakiwa meusi, yenye povu lisilotulia, au yakitoa moshi kabla hata ya kuwekwa kitu, kula kingine.

Mwanangu ana mzio wa karanga. Je, tuache kula nje?

Hapana, mama, lakini lazima uwe na utaratibu. Sema kabla ya kuagiza, na utaje chakula chenyewe: "Karanga zinaweza kumuua mtoto huyu." Neno "mzio" pekee wengine hulisikia kama kutopenda. Kisha uliza matatu: mafuta gani yanakaangia, na nini kingine kimekaangwa humo? Mchuzi umekolezwa na kitu gani? Kisu, ubao na mwiko vitaoshwa kwa sabuni kwanza?

Majibu hayo ayatoe mpishi. Mhudumu akisema "hamna shida" bila kwenda jikoni, bado hujajibiwa. Ukiambiwa "zimo kidogo tu", ondoka. Kuokota karanga juu ya sahani hakusaidii, na moto wa kupikia hauuondoi mzio. Chagua jiko lenye menyu fupi, nenda saa tulivu, na kama daktari amemwandikia sindano ya adrenalini, iwe mkobani kila mnapotoka, si nyumbani kabatini.

Nyota na maoni ya mtandaoni yana faida?

Yana faida ukiyasoma kwa mpangilio. Acha ya nyota tano na ya nyota moja. Soma ya katikati, ya miezi mitatu iliyopita, yanayotaja chakula kwa jina. Mpishi akihama, sifa za mwaka jana zimehama naye. Picha za wateja zinasema kweli kuliko za mgahawa. Hata Michelin, kampuni ya matairi ya Ufaransa iliyotoa mwongozo wake mara ya kwanza mwaka 1900 na kuanza kugawa nyota mwaka 1926, husema nyota inahukumu kilichomo kwenye sahani, bila kuhesabu mapambo wala huduma. Nawe tenganisha hivyo: anayelalamikia kelele na maegesho hajakwambia lolote kuhusu supu.

Mabaki niyachukue?

Yachukue ikiwa unakwenda nyumbani moja kwa moja. Zile saa 2 tulizotaja kwenye bafe zinahesabiwa tangu sahani ilipotoka jikoni, si tangu ulipolipa bili, na siku ya joto la zaidi ya nyuzi 32 hesabu saa 1. Nyumbani kitandaze chakula kwenye chombo kipana, kina kisizidi sentimita 5, ndipo ukiweke kwenye friji. Bakuli lenye kina hubaki na joto katikati kwa saa nyingi. Ukile ndani ya siku 3 au 4, ukikipasha mara moja tu mpaka kitoe mvuke kote. Mayai ya kiini kibichi na samaki asiyepikwa viache mezani.