Punda wa babu

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: umewahi kukuta nini ambacho hukukitarajia ulipokuwa ukifufua kitu cha zamani? Langu ni la baiskeli ya babu, Raleigh nyeusi ya breki za vyuma, iliyolala stoo kwetu Kisesa, Mwanza, miaka na miaka. Mwaka jana niliileta kwangu Nyakato, nikaifungua yote juu ya gunia.

Vituko vidogo vilikuwepo. Nilipong'oa siti nikakuta nyigu wamejenga kwa udongo ndani ya bomba la fremu. Nguzo ya siti ilikuwa imezungushiwa kipande cha kopo ili isicheze. Gololi za usukani zilikuwa za saizi mbili tofauti, na usukani ulizunguka hivyo hivyo. Aliyefanya kazi ile alikuwa fundi, sitaki ubishi.

Kilichonikalisha chini ni kitovu cha gurudumu la nyuma, mafundi wanaita habu. Nilipokwangua grisi iliyoganda yakatokea maandishi: Sturmey-Archer, AW, halafu 58. Hizo tarakimu mbili ni mwaka ilipotengenezwa, kule Nottingham, Uingereza. Sisi tumekua tukiambiwa babu aliinunua mpya mwaka wa Uhuru, 1961, kwa hela ya pamba. Labda ilikaa dukani. Shangazi nilipompigia alicheka, "Babu yako na mpya!" Kisha akahamia habari za mvua.

Ila AW ni habu ya gia tatu, zote zimefichwa ndani. Na baiskeli ile nyumbani inajulikana haina gia, tena ni nzito mpaka ikaitwa Punda. Baba aliitumia ujana wake wote kupeleka maziwa mjini, zaidi ya kilomita 15, madumu mawili kwenye keria. Penye mwinuko alishuka akaikokota.

Ekseli ya habu hiyo ina tundu katikati, humo hupita kijimnyororo kinachovutwa na waya unaotoka kwenye usukani. Waya ukikosekana, springi ya ndani inasukuma klachi mpaka gia ya tatu, inabaki hapo. Gia hiyo inazungusha gurudumu theluthi moja zaidi kuliko gia ya kati. Ni ya tambarare na upepo wa mgongoni, si ya madumu ya maziwa na milima ya Mwanza. Kijimnyororo chetu kilikuwa kimekatika.

Nikamweleza baba, aliyekuwa amekaa kibarazani. Akaiomba ile habu, akaipima kiganjani.

"Kwa hiyo miaka yote ile..."

Hakumalizia. Baadaye kidogo akakumbuka: alipokuwa mdogo kulikuwa na waya kwenye usukani, na kaka yake aliukata akafungie lango la zizi.

Kijimnyororo kingine nilikipata kwa mzee mmoja kule Makoroboi mjini, ndani ya kopo la skrubu. Jumapili baba akapanda, gia ya kwanza, akapandisha kile kilima cha mtaani kwetu bila kushuka, akarudi. Hakusema neno. Aliiegemeza ukutani, akatoa simu, akampigia baba mkubwa.

Baba mkubwa amekana. Anasema lango lile lilifungwa kwa kamba ya katani, na hadi naandika hapa hawajaelewana.