Sikiliza Kabla ya Kuchora: Jalada na Bango la Muziki wa Kielektroniki

Wiki iliyopita nilifungua katoni ya santuri zilizovikwa jalada nililolibuni mwenyewe, bango lake likiwa limekunjwa ndani, na sioni haya kusema kwamba nililia. Miaka mitatu iliyopita mteja mwingine alinirudishia kazi ya namna hii akisema inafaa tangazo la duka la simu. Maneno yale yananichoma hadi leo, ingawa nakiri kwamba nilikuwa nimemchorea spika, nyaya na taa za rangi bila kuusikiliza muziki wake hadi mwisho.

Safari hii nilianza na masikio. Ulikuwa muziki wa majaribio uliochipuka kutoka singeli, ule mtindo wa uswahilini Dar es Salaam ambao lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala iliutoa mwaka 2017 katika mkusanyiko wa Sounds of Sisso, na ambao vipande vyake vifupi vya sauti hurudiwarudiwa kwa kasi inayopita mapigo 200 kwa dakika. Nilitandaza karatasi za kaki sakafuni, nikachovya brashi katika wino mweusi, nikajaribu kupiga mstari mmoja kwa kila pigo. Hayo ni mapigo zaidi ya matatu kwa sekunde! Mistari ya mwanzo ilisimama wima, ya katikati ikaegemeana, na ya mwisho ikawa michirizi mitupu kwa kuwa mkono ulikwisha kushindwa. Hapo ndipo nilipouona muziki. Karatasi ya tisa ndiyo iliyozaa jalada.

Mraba ule wa sentimita 31 hivi niliupanga kama kanga: pindo pembeni, mji katikati, na jina la albamu pale linapokaa jina la kanga. Bango sikulipata kwa kulikuza jalada, maana jalada husomwa likiwa mikononi, ilhali bango husomwa na abiria aliye dirishani mwa daladala. Nilichukua michirizi mitatu tu, nikaiacha ijaze karatasi nzima.

Ndugu yangu, usikimbilie kompyuta. Sikiliza, kisha sikiliza tena. Ukifika kwa mchapaji, dai sampuli ya karatasi, kwani buluu inayong'aa kwenye skrini hufifia ikichapwa kwa wino wa rangi nne, na uhakikishe picha inavuka mstari wa kukatia kwa milimita 3. Lakini kwanza sikiliza, na mteja akikuuliza mbona siku nne zimepita bila mchoro, mwonyeshe karatasi zilizotapakaa sakafuni.