Kabla hujasaini msanii, kaa na mama yake

Lebo yangu ya muziki ilianzia chumba cha nyuma cha duka langu la spea za pikipiki, Sinza, Dar es Salaam. Nilikuwa na kompyuta moja, spika mbili na ndoto zisizopungua. Niliitazama lebo ya WCB ya Diamond Platnumz, nikaitazama Kings Music ya Alikiba, nikasema na mimi naweza. Hela yote ya mwanzo niliimwaga kwenye video moja: gari la kukodi, nyumba ya kukodi, hadi miwani ya kukodi. Wimbo haukwenda popote.

Hiyo iliniuma mara moja ikaisha. Iliyonitafuna taratibu ni ya wimbo wa pili, singeli, ule muziki wa kasi wa mitaani, tuliyoirekodi Mburahati kwa usiku mmoja. Huo ulishika. Ulipigwa kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku, kuanzia Manzese hadi Mbagala, na bodaboda wakawa wanautembeza bila kulipwa. Nikatulia kusubiri hela za mitandao ya kusikiliza muziki, Boomplay na YouTube. Mwezi wa kwanza kimya, wa pili kimya, na kwa kweli hilo ni kawaida kwa sababu malipo ya mitandaoni huja yamechelewa. Mwezi wa sita ndipo nilipouliza. Kumbe akaunti ya usambazaji, ile inayopeleka wimbo mitandaoni na kupokea malipo, ilifunguliwa kwa barua pepe ya mdogo wake prodyuza, maana usiku ule mimi sikuwa na bando. Bando tu! Hela zilikuwa zinaingia kwa mtu ambaye hata studio hakuwepo, na ushahidi wangu ulikuwa meseji za WhatsApp, nusu yake emoji.

Kwa hiyo anza na swali la umiliki kabla ya logo. Masta ni ile rekodi yenyewe. Maneno na melodi ni mali nyingine, na biti nayo ina mwenyewe. Wewe uliyelipia studio si lazima uwe mwenye vyote. Usijihesabie hata kimoja mpaka mkubaliane kwa maandishi. Siku hizi karatasi ya mgawanyo tunaisaini siku ileile ya kurekodi, kabla mtu hajatoka nje: asilimia za prodyuza, za mtunzi, za lebo. Wimbo ukiwa bado hauna thamani watu wanaelewana kirahisi ajabu. Akaunti ni ya barua pepe ya lebo, na kila rekodi naiandika daftarini pamoja na ISRC yake, ile namba ya herufi na tarakimu 12 inayoitambulisha rekodi popote inaposikilizwa.

Usajili hauna hadithi ndefu. Jina BRELA, wasajili wa biashara; TIN, namba ya mlipakodi, kutoka TRA; leseni ya biashara; kisha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwa shughuli za sanaa, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kwa kazi zenyewe. Usiuache mpaka wimbo utoke.

Sasa mkataba. Msanii wangu wa tatu alikuwa na miaka 19, akaja na mama yake, muuza samaki wa soko la Feri. Nilikuwa nimenakili mkataba wa Kiingereza mtandaoni, kurasa kumi na moja. Mama aliupitisha mkono kama anayepima uzito, akanirudishia.

“Mwanangu, niambie kwa mdomo. Huyu akiondoka kesho, nyimbo zinabaki za nani?”

Nikaanza kuzunguka zunguka. Akaniuliza tena: “Na ile hela utakayomlipia studio, ni zawadi au deni?”

Sikuwa na jibu la maana hata moja. Nilirudi kwa mwanasheria, tukauandika upya kwa Kiswahili, kurasa tatu. Masta zinabaki za lebo kwa miaka mitano, baada ya hapo zinarudi kwa msanii. Sehemu yake kwenye utunzi siigusi. Gharama za studio, video na matangazo zinarudi kwanza kutoka kwenye mapato ya rekodi, kisha tunagawana nusu kwa nusu. Nauli na chakula si deni. Nasema hivyo kwa sababu msanii wangu wa kwanza nilimwandikia hadi chipsi mayai. Alipoliona daftari hakugomba, aliondoka tu, na sikumlaumu.

Shoo nazo ziwe na kifungu chake. Kwa singeli hela ya haraka iko kwenye vigodoro na harusi, si kwenye simu za watu. Mimi nachukua sehemu ya shoo niliyoitafuta mwenyewe. Akialikwa na watu wa mtaa wake, ni yake.

Kila miezi mitatu tunakaa dukani na ripoti iliyochapishwa. Kijana anaangalia jumla tu. Mama yake, asipopata nafasi ya kutoka Feri, hupiga simu jioni kuuliza kwa nini Februari imekuwa ndogo kuliko Januari, na mimi natafuta kalamu.